Mlango wa Arobaini na Saba

Sehemu ya tisa

"Mwandiko huu naujua."

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, na najua wapo waliolala na kinyongo na mimi. Haya, tusipotezeane muda. Mwanamke aliyesema maneno hayo bado amesimama safu ya tatu, kidole kakinyoosha ukutani, na ukumbi mzima wa jiji umegeuza shingo kumtazama.

Kwa aliyekosa gazeti, mambo yako hivi. Jiji linaandika upya Mpango Mkuu, ile ramani kubwa ya rangi inayosema kwa miaka ishirini ijayo wapi pajengwe nyumba, wapi kiwanda, wapi pabaki wazi. Leo ni siku ya mwisho ya kusikiliza wananchi. Saa kumi kamili jioni kikao kinafungwa, ramani inagongwa muhuri, na baada ya hapo hata ulie machozi ya damu haibadiliki. Sasa kwenye ramani hiyo, mtaa mmoja wenye nyumba mia na kumi na mbili umepakwa kijani. Kijani maana yake bustani na bwawa la kupokea maji ya mvua. Kijani maana yake watu wahame.

Kwa nini kijani? Kwa sababu fomu za uhakiki zinasema hakuna anayeishi pale. Picha za angani zilionyesha mapaa mia na kumi na mbili. Kikosi kikatumwa kupita mlango kwa mlango kuuliza nani anakaa, na fomu zikarudi zimejazwa zote. Kwenye kila fomu, penye mstari wa "Uliyemkuta", pameandikwa maneno mawili.

Hakuna mtu.

Mara mia na kumi na mbili, hakuna mtu. Na fomu iliyokuwa inaonyeshwa ukutani wakati huo ilikuwa ya nyumba namba arobaini na saba. Anayesema anaujua mwandiko ni fundi cherehani, na nyumba anayoishi ni hiyo hiyo namba arobaini na saba.

"Ni mwandiko wa nani, mama?" aliuliza Mwenyekiti wa kamati, jaji mstaafu, mama mwenye miguu mibovu na masikio mazima.

Kwenye meza ya wataalamu, chini ya ukuta huo, mwanamume mmoja alikuwa amejiinamia utadhani anatafuta kifungo kilichoanguka. Ofisini wanamwita Rula, kwa sababu mstari wake haujawahi kupinda. Ndiye mchora ramani mkuu wa jiji. Ndiye aliyejaza fomu zile zote. Na yule fundi cherehani, msomaji wangu, ni dada yake, tumbo moja.

Dada ndiye aliyemfundisha kuandika, kwa kipande cha mkaa kwenye sakafu ya jikoni, mama yao akiwa kazini. Ile herufi ya k yenye mkia mrefu ilikuwa ya Dada kabla haijawa ya Rula.

"Nimeuliza ni wa nani," Mwenyekiti alirudia.

Dada alimtazama mdogo wake. Mdogo mtu aliinua macho, akayakuta macho ya dada yake, akayarudisha mezani haraka. Miaka sita hawakuwa wametazamana.

"Nimekosea, mheshimiwa," Dada alisema. "Macho ya kutunga uzi haya yameanza kuchoka. Siujui."

"Dakika hii umesema unaujua."

"Nimesema vibaya. Ninachojua ni kwamba naishi pale, na hakuna mtu aliyekuja kunibishia hodi na karatasi. Mimi siku zote nipo. Cherehani yangu iko mlangoni."

Akachukua mkoba wake. Akatoka kwa mlango wa pembeni bila kugeuka nyuma.

Rula alikaa pale akaisikia aibu inamshuka mpaka kwenye nyayo. Dada yake alikuwa na neno moja tu la kusema, na neno hilo lingeiokoa nyumba yake. Amelimeza ili mdogo wake asifukuzwe kazi.

Hebu niambie, wewe ungefanya nini? Ungesimama, si ndiyo? Rula hakusimama. Alijimiminia maji kwenye glasi, yakamwagika mezani, akayafuta kwa kiganja.

Aliyesimama ni Mkurugenzi wa Mipango.

Mkurugenzi alikuwa mtu wa suti na maneno mepesi, na haja yake leo ilikuwa moja: muhuri. "Mheshimiwa, idara yangu imelichunguza jambo hili," alisema. "Fomu hizi hazina jina la aliyejaza. Zina namba ya kikosi na sahihi ya dereva anayethibitisha kwamba kikosi kilifika. Vibarua wa kikosi kile walishaondoka. Aliyebaki ni dereva. Kama kuna uongo, sahihi ni yake. Nimemsimamisha kazi kuanzia sasa hivi."

Mlangoni alikuwa amesimama mtu mnene wa makamo, funguo za gari mkononi. Huyo ndiye dereva mwenyewe. Wenzake wanamwita Pancha kwa utani, kwa sababu miaka ishirini hajawahi kupata pancha hata moja. Aliingia hatua moja ukumbini. Kisha akamtazama Rula, wala si kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayesubiri mwenzake amsaidie kubeba mzigo.

Maana Pancha alikuwa anaangushiwa jumba bovu, na Rula alijua.

Siku ile ya uhakiki walikuwa wawili tu garini. Vibarua walishushwa mitaa mingine. Pancha aliegesha gari mwanzo wa mtaa, akazima injini, akasubiri Rula ashuke. Rula hakushuka. Kutoka pale kwenye kiti aliuona mlango wa dada yake, na pazia lake la maua, na akashindwa kuugusa mkono wa mlango wa gari.

Unakumbuka ni kwa nini. Miaka sita nyuma mama yao aliugulia katika nyumba ile namba arobaini na saba. Dada alipiga simu mara tatu. Mara zote tatu Rula alijibu, "Namalizia ramani, Dada, nakuja kesho." Alipofika, watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini, majembe mabegani. Dada hakumgombeza. Alimtengea maji ya kunawa, akamtengea chakula, akakaa pembeni yake kimya mpaka alipomaliza kula. Kimya kile ndicho kilichomkimbiza Rula. Tangu siku hiyo hakurudi, na Dada alipokuja kumtafuta nyumbani kwake, Rula alikaa ndani na mkewe, wamenyamaza, mpaka hodi zikaisha.

Kwa hiyo siku ya uhakiki alijaza fomu akiwa amekaa garini, magotini, akihesabu mapaa kwenye picha. Ukiandika umemkuta mtu, mtu huyo lazima aweke sahihi. Ukiandika hakuna mtu, fomu haidai sahihi ya yeyote. Akaandika hakuna mtu mpaka vidole vikamuuma. Alijiambia atarudi kesho kurekebisha. Sasa imepita miezi kumi na minne.

"Weka sahihi hapa, ni utaratibu tu," alimwambia Pancha, na Pancha akaweka sahihi juu ya boneti bila kusoma, kwa sababu aliyemwambia ni Rula, na Rula mstari wake haupindi.

"Dereva ana la kusema?" Mwenyekiti aliuliza.

"Mheshimiwa, mimi..." Pancha alizibana funguo kiganjani. "Mimi nina watoto watano."

"Hilo sijauliza."

"Basi sina la kusema."

Hapo ndipo kiti cha Rula kilipoanguka chali, maana aliinuka kabla hajajua kwamba ameinuka.

"Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Fomu nilijaza mimi. Zote. Dereva hana kosa. Sikushuka hata kwenye gari."

Ukumbi ulilipuka. Mtu nyuma alipiga kelele, "Ndiye huyo! Ndiye huyo!" Mwenyekiti akagonga meza kwa kiganja mpaka miwani ikaruka. Mkurugenzi alimvuta Rula koti akimnong'oneza kwa meno yaliyofungwa, "Kaa chini, umerogwa?"

"Kwa nini hukushuka?" Mwenyekiti aliuliza.

Jibu lilikuwa ulimini. Kwa sababu dada yangu anakaa pale na nilishindwa kumtazama. Ni maneno machache tu hayo, ndugu yangu.

"Nilichoka, mheshimiwa."

Mwenyekiti aliirudisha miwani yake usoni. "Nitakuapisha," alisema. "Kabla sijapokea neno lako nataka kujua jambo moja. Una ndugu, jamaa au kiwanja katika mtaa ule? Nakuuliza kwa sababu kama unaye, unachosema ni utetezi wa ndugu, siwezi kukipokea, na ramani itabaki ilivyo. Inua mkono."

Rula aliinua mkono. Aliwaza haraka, kama tunavyowaza sote tukibanwa. Akisema ndiyo, mtaa wote unakwenda. Na Dada mwenyewe ameshamkana mbele ya watu. Kwa hiyo si atakuwa anakubaliana naye tu?

"Sina, mheshimiwa. Sina ndugu pale."

Unamwona? Amesimama kukiri uongo mmoja, na kabla hajakaa ameshautengeneza mwingine. Nilipoandika mstari huu kalamu yangu ilisita. Lakini ndivyo alivyosema.

"Vizuri," Mwenyekiti alisema. "Sasa sikilizeni. Sheria ya uhakiki iko wazi. Nyumba zaidi ya nusu zikikutwa na watu, na watu hao wakaweka sahihi, mtaa unarudi rangi ya njano, makazi. Nusu ni hamsini na sita. Nataka hamsini na saba kabla ya saa kumi. Sahihi iwe ya mkazi mwenyewe, au ndugu yake wa damu atakayekutwa mlangoni."

"Mheshimiwa, nani atajaza?" Mkurugenzi aliuliza. "Watu wangu wote wako..."

"Atajaza huyu. Alijaza mia na kumi na mbili akiwa amekaa. Leo atajaza akiwa amesimama, na mimi nitatembea nyuma yake. Wewe pia, mkurugenzi, utatembea. Dereva, washa gari."

"Nimesimamishwa kazi, mheshimiwa."

"Nimekusimamisha mimi?"

Pancha alikimbia kuwasha gari.

* * *

Saa nane kasorobo walikuwa mtaani.

Sasa fikiria mwenyewe: siku ya kazi, mchana, watu wako wapi? Wako kazini. Nyumba ya kwanza kufuli. Ya pili kufuli. Ya tatu alitoka mzee na taulo kiunoni, sabuni masikioni.

"Nani?"

"Uhakiki wa matumizi ya ardhi, mzee. Tunataka kujua nani anaishi hapa."

"Wewe ndiye uliyeandika hakuna mtu?"

Rula alikohoa. "Ndiye mimi."

Mzee alimwangalia kuanzia juu mpaka chini, povu linamtiririka shingoni. "Lete wino wa kidole," alisema. "Na unishike mkono ubonyeze kwa nguvu, ili wasije wakasema tena ni alama ya panya."

Mwenyekiti akacheka. Rula hakucheka.

Nyumba ya tisa mama mmoja aliweka sahihi huku akimsomea orodha. "Nimezaa watatu kwenye chumba hicho hapo nyuma yako. Wa kwanza sasa ni nesi. Wa pili fundi umeme. Wa tatu yuko shule. Ulipowaandika hakuna mtu, uliwaandika wote watatu, au ulianza na mimi?"

"Nisamehe, mama."

"Sijakuuliza samahani. Nimekuuliza ulianza na nani."

Mama akamrudishia kalamu, akaingia ndani. Habari ilikuwa imeshatangulia. Watu wakaanza kupigiana simu, njoo nyumbani, acha hicho unachofanya, njoo mara moja. Kinyozi aliacha kichwa cha mteja nusu, akaja kuweka sahihi, na mteja akaja nyuma yake na kichwa chake cha nusu kuhakikisha kinyozi anarudi. Saa nane na nusu walikuwa na fomu ishirini na mbili.

Ndipo wakafika kwenye pazia la maua.

Rula aliisikia cherehani kabla hajaiona. Sauti ya cherehani ya miguu, ile ile aliyolalia utoto wake wote. Alikuwa amekaa hapo mlangoni, Dada, kichwa kakiinamisha juu ya kitambaa cha bluu, ni hatua nane tu kutoka alipo. Nyuma Mwenyekiti alikuwa amebaki, anachekeshwa na kinyozi. Huu ulikuwa wakati wa Rula kwenda, kubisha hodi kama mpimaji mwingine yeyote, kumpa fomu, kumpa kalamu.

Aliinamia karatasi zake. Akajifanya anasoma namba. Akapita.

Cherehani ikanyamaza nyuma yake.

"Umeruka moja," Pancha alisema kwa sauti ya chini.

"Tutarudi."

"Rula, dada yako anakuangalia." Pancha alimjua; ndiye aliyemleta Rula siku ile ya msiba.

"Nimesema tutarudi. Yeye haendi popote. Tumalize kwanza wanaoweza kuondoka."

Si umeisikia hesabu yake? Ilikuwa na akili, hata. Lakini Rula mwenyewe alijua, na mimi najua, kwamba hakuwa anapanga muda. Alikuwa anaogopa. Mlango ule angeweza kuuacha wa mwisho hata kama zingekuwepo nyumba elfu moja.

Saa tisa na nusu walikuwa na fomu hamsini na moja. Mkurugenzi alikuwa ametulia kwenye kivuli cha ukuta, anapangusa viatu. Hamsini na mbili alikuwa dobi. Hamsini na tatu na nne, mapacha wazee waliogombana wakajenga kuta zinazogusana, kila mmoja akikataa kutumia kalamu ya mwenzake. Hamsini na tano. Hamsini na sita akaweka sahihi akihema, ameshuka kwenye pikipiki bado ana aproni ya kazini.

Baada ya hapo mtaa ukaisha. Zilizobaki zilikuwa kufuli tupu.

Saa ya Mkurugenzi ilisema saa kumi kasoro dakika kumi na mbili.

"Hamsini na sita," Mkurugenzi alisema. "Inasikitisha sana. Nusu kamili, mheshimiwa, na sheria inataka zaidi ya nusu."

Rula alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alikuwa nayo moja mfukoni. "Kuna moja tuliiruka," alisema. "Yule yupo. Siku zote yupo."

Aligeuka, akaenda karibu mbio, Pancha nyuma yake, Mwenyekiti na fimbo yake nyuma ya Pancha. Njiani Rula alikuwa anayapanga maneno. Dada, shikamoo. Dada, weka sahihi hapa. Mengine tutaongea. Alikuwa tayari sasa, kweli kabisa. Alivuka mfereji, akainua macho.

Pazia la maua lilikuwa limekunjwa. Cherehani haikuwepo. Mlangoni palikuwa na kufuli.

Aligonga. Aligonga tena kwa ngumi. Akaita, "Dada!" na sauti ikamtoka nyembamba, ya mtu mdogo kuliko yeye.

"Unavunja mlango wa watu?" Jirani alitoka nyumba ya pili na ndoo ya maji. "Hayupo. Ameondoka muda, tangu ile saa mlipopita."

"Ameenda wapi?"

"Si mlimruka! Alikuwa amekaa hapo hapo, ameshatoa na stuli ya kumkalisha mgeni. Akamwona mtu wa karatasi anauruka mlango wake. Aliinuka, akaingiza cherehani ndani, akafunga. Nikamuuliza unaenda wapi, akasema naenda kwa mdogo wangu. Akasema, leo nitabisha hodi kwake mpaka nifunguliwe, nimsubiri huko huko."

Ndoo ilikuwa inadondosha maji kwenye viatu vya Rula. Hakuisogeza miguu.

"Mdogo wake ni nani?" Mwenyekiti aliuliza. Alikuwa ameshafika.

"Ana mdogo wake ofisi ya ramani huko jijini. Kila siku anamsifia. Mimi simjui."

Pancha alianza kuzihesabu funguo zake. Mkurugenzi aliusoma ule uso wa Rula, na uso wake mwenyewe ukafunguka taratibu.

"Andika, bwana mchoraji," alisema kwa upole. "Nyumba namba arobaini na saba. Uliyemkuta. Unajua cha kuandika, una uzoefu."

Rula aliitazama fomu. Zamu hii neno hakuna mtu lingekuwa la kweli. Ndilo lililomkata maini: baada ya uongo wote ule, maneno yale mawili ndiyo yaliyokuwa ukweli, na yeye ndiye aliyeyafanya yawe ukweli, kwa miguu yake, saa nane na nusu mchana.

Aliweka karatasi ukutani kwa dada yake. Akaandika. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake mstari wa Rula ukapinda. Akampa Mwenyekiti.

Mwenyekiti alisoma kwa sauti. "Uliyemkuta mlangoni: mdogo wake." Akaivua miwani. "Na hii sahihi?"

"Ni yangu. Ni dada yangu, mheshimiwa. Mwandiko ule alinifundisha yeye. Siku ile sikushuka garini kwa sababu yake, na leo nimemruka kwa sababu hiyo hiyo. Mama yetu alifia humu ndani nami sikuja."

"Uliniapia huna ndugu hapa."

"Nilikuapia uongo."

Mkurugenzi alipiga makofi mara moja. "Basi zimekufa zote! Aliyejaza ana ndugu mtaani. Turudi ukumbini, mheshimiwa, zimebaki dakika nane."

"Nyamaza," Mwenyekiti alisema. "Hizi hamsini na sita nimewaona watu wake kwa macho yangu, na mmoja alikuwa na taulo. Haziwezi kufa kwa sababu ya mdomo wa huyu." Akamgeukia Rula, na sauti yake haikuwa na huruma hata chembe. "Wewe kazi huna tena, na kiapo chako utakijibu mahakamani. Sahihi yako siitaki. Mtu aliyesema hana dada hawezi kunisainia kama mdogo wake. Namtaka mwenyewe. Nikisikia tu sauti yake kabla ya saa kumi, anitajie namba ya nyumba yake, nitaandika kwa mkono wangu hamsini na saba, na sahihi ataiweka akirudi. Nani ana namba yake ya simu?"

Watu walianza kujaa pale mlangoni, kinyozi, mapacha, mama wa watoto watatu. Wote wakamtazama Rula.

Rula hakuwa nayo. Aliifuta miaka sita iliyopita ili isimkumbushe.

"Hata ungekuwa nayo," jirani alisema, "simu yake ninayo mimi, iko kwenye chaji."

"Dereva, kwake ni mbali gani?"

"Dakika ishirini, mheshimiwa. Nikivunja sheria, kumi na tano."

"Zimebaki saba," Mkurugenzi alisema.

Ndipo simu ya Rula ilipolia mfukoni. Alipoitoa ikataka kuponyoka. Ilikuwa ya mkewe.

"Pokea," Mwenyekiti alisema. "Na weka sauti tuisikie sote."

Watu walisogea karibu. Sauti ya mke ilitoka ndogo, ya kunong'ona, sauti ya mtu aliyejificha nyuma ya pazia ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Baba, yule dada yako yuko getini. Amebisha tangu saa tisa, mkono wake lazima unauma. Sasa naona anaokota mfuko wake, anataka kuondoka. Nifungue, au ninyamaze kama siku zote, aone hakuna mtu?"